Kuongea Kiingereza mbele za watu bila kuganda: mwongozo kamili kwa wanafunzi, kutoka Dodoma

Nianze na dada mmoja wa mwaka wa pili, chuo kimoja hapahapa Dodoma. Tulikuwa tumekaa kwenye vimbweta jioni, yale mabenchi na meza za nje pale chuoni, upepo unapiga kama kawaida ya huku, na kesho yake alikuwa na prezentesheni. Alikuwa ameandika kurasa nne kwa mkono, mwandiko mzuri, Kiingereza kimenyooka kuliko hata cha wale wanaomcheka. Nikamwambia haya simama unisomee. Akasimama, akainua zile karatasi mpaka zikafunika uso wote, nikawa naona vidole tu vinatetemeka na karatasi zinapiga kelele kama bendera. Akasoma mistari mitatu akakaa chini. Akaniambia, "Dada, mi Kiingereza nakijua, ila mdomo wangu haukijui."

Sijawahi kusikia mtu ameelezea hili tatizo vizuri kuliko hapo. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, na jioni nakaa na wanafunzi wa vyuo wanaotaka kujizoesha kuongea, na karibu wote wanaokuja wana shida hiyohiyo. Grama wanayo, misamiati ipo ya kutosha, ila siku ya kusimama kichwa kinakata netiweki. Haya ninayoandika hapa ni yale ninayofanya nao. Yafuate kwa mpangilio, usirukie hatua ya prezentesheni kwa sababu unayo kesho, japo kama kweli unayo kesho basi soma hatua ya 2 na ya 6 alafu urudi mwanzo ukishamaliza.

Kwanza tuujue huu woga

Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, walitoa dodoso la kupima woga wa darasa la lugha ya kigeni, lina sentensi 33 unazosema unakubali au unakataa. Walichosema ni kwamba huu woga ni kitu chake chenyewe. Unaweza ukawa mtu jasiri kabisa sehemu nyingine, unaongoza kwaya, unauza nyanya soko la Majengo unabishana bei na wateja kutwa nzima, ila ukiambiwa ujibu swali kwa Kiingereza unaganda. Walitaja mambo matatu yanayouunda: woga wa kuwasiliana, woga wa mtihani, na woga wa kuonekana vibaya mbele za wengine.

Kwetu huo wa tatu ndo baba lao. Mwanafunzi wa hapa haogopi Kiingereza kama Kiingereza, anaogopa kuchekwa. Ukimfungia chumbani peke yake ataongea, ukimweka mbele ya wenzake arobaini anakufa ganzi, na maneno ni yaleyale.

Na tuseme ukweli mazingira yetu yanachangia. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja tu, alafu anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo limegeuka. Sasa mtoto wa Bahi au Chamwino vijijini kabisa, nyumbani anaongea Kigogo, shuleni Kiswahili, Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, na hakuna mtu wa kuongea naye akitoka darasani. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne tuliofanya sisi ulikuwa wa kuandika, hakuna aliyetusikiliza tukiongea. Kwa hiyo miaka minne yote ukanakili notsi ubaoni, ukajibu kwenye karatasi, ukafaulu, ukafika chuo, na siku ya kwanza lekchara anasema kila kundi litaprezenti. Mdomo haujawahi kufanya hiyo kazi. Ukiganda hapo sio kwamba we ni mjinga, naomba hilo ulishike.

Kitu kingine cha kuelewa ni jinsi woga unavyoharibu. Kichwa kina nafasi ndogo ya kufanyia kazi kwa wakati mmoja. Ukiongea lugha ambayo hujaizoea unatafuta neno, unapanga kama ni jana au kesho, unatafuta matamshi, vyote kwa pamoja, na tayari ni mzigo. Sasa woga nao unapanda kwenye bodaboda hiyohiyo, unaanza kujiuliza "watanicheka? nimekosea? lekchara ameandika nini pale?" na pikipiki inashindwa kupanda mlima. Ndo maana ukirudi bwenini umejilaza jibu linakuja lote, tena na maneno mazuri, hadi unalia. Lilikuwepo muda wote, lilikosa nafasi tu.

Hatua ya 1: Andika siku ulipoanza kuogopa

Chukua daftari, sio simu, daftari. Andika kwa Kiswahili siku unayoikumbuka uliyoaibika kwa sababu ya Kiingereza. Wengi wetu kuna siku. Yangu ilikuwa kidato cha kwanza, nilisimama nikasema "Yesterday I go to the market", nilitakiwa niseme "went", darasa zima likacheka na mwalimu naye akacheka. Nikakaa. Kuanzia siku hiyo mpaka nafika kidato cha tatu sikunyoosha mkono kwenye kipindi cha Kiingereza hata mara moja, miaka miwili na zaidi nimenyamaza kwa ajili ya neno moja. Nilipoiandika nikiwa mtu mzima ndo nikaona kwamba kosa lenyewe lilikuwa dogo sana, kilichoniumiza ni kile kicheko, na hasa kicheko cha mwalimu.

Chini yake orodhesha sehemu zote unazotakiwa kuongea Kiingereza na kila moja uipe alama za woga kuanzia 0 mpaka 10. Kusoma kwa sauti peke yangu, labda 1. Kuongea na rafiki, 3. Kumuuliza lekchara swali ofisini kwake, 6. Kuuliza swali darasani, 8. Kuprezenti ukumbini na maiki, 10. Hiyo orodha usiipoteze, hatua ya 5 yote inategemea hapo.

Na kuhusu kuonekana na kila mtu, kuna jaribio huwa nawasimulia wanafunzi. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa chuo cha Cornell, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti ambapo mwanafunzi anavalishwa fulana yenye picha inayomtia aibu alafu anaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Wenye fulana walidhani karibu nusu ya watu wataiona ile picha. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Wenzako wanakuangalia ndio, lakini nusu yao wanawaza zamu yao inakuja lini, na wengine wanawaza chakula.

Hatua ya 2: Zoeza mwili kabla ya siku yenyewe

Moyo kudunda, mikono jasho, mdomo kukauka, tumbo kuvuruga, huo ni mwili unajiandaa kukimbia kama vile umekutana na fisi. Hauwezi kuuambia tu "tulia" ukatulia. Ila kuna mlango mmoja unaoufikia mwenyewe, nao ni pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka 4, toa taratibu kwa mdomo ukihesabu mpaka 6, kama unapooza chai bila kumwaga. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hapo ndo siri ilipo kwa sababu ni wakati wa kutoa pumzi ndo moyo unapunguza mwendo. Mara tano zinatosha, ni kama dakika moja.

Kosa wanalofanya watu ni kulijaribu siku ya prezentesheni kwa mara ya kwanza. Halifanyi kazi hivyo. Fanya kila siku ukiwa umetulia, ukiwa kwenye daladala, ukisubiri maji yachemke, mpaka mwili uzoee, ndo siku ya shida utakutii.

Mwingine anauliza je nikijiambia siogopi? Usijidanganye, mwili unajua. Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alionyesha kwamba watu waliojiambia "nina hamasa" kabla ya kutoa hotuba walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Moyo ukidunda kwa woga na ukidunda kwa hamasa unadunda vilevile, kwa hiyo ni rahisi kuubadilisha jina kuliko kuuzima.

Hatua ya 3: Upe mdomo kazi kila siku

Dakika 15 kila siku, kwa sauti. Nasisitiza kwa sauti, kwa sababu kuna watu wanasoma Kiingereza kimoyomoyo miaka kumi wakitegemea siku moja kitoke. Kujifunza kuogelea kwa kuangalia bwawa la Hombolo hakujawahi kumsaidia mtu.

Dakika 5 za kwanza soma kitu chochote kwa sauti, notsi zako za darasani zinatosha kabisa tena ndo nzuri kwa sababu maneno ya kozi yako yanakuwa mepesi mdomoni. Dakika 5 zinazofuata elezea ulichofanya leo, umeamka saa ngapi, umekula nini, nani amekukera. Za mwisho jirekodi kwenye simu dakika moja tu, sikiliza, rekodi tena kitu hichohicho. Mara ya kwanza ukisikia sauti yako utachukia, kila mtu anachukia, vumilia wiki moja tu utaizoea.

Ukisikiliza usitafute makosa yote. Chagua mawili kwa mwezi. Nayataja yale ninayoyasikia sana huku kwetu:

Kuchanganya "he" na "she". Kiswahili hakina habari hiyo, "anakuja" ni mama ni baba sawa tu, kwa hiyo kichwa hakijazoea kuuliza. Dawa yake ongea dakika moja kuhusu mama yako, "she" na "her" mwanzo mwisho, kesho baba, keshokutwa mdogo wako wa kike. Baada ya wiki mbili inaanza kuja yenyewe.

Kuongeza irabu mwishoni, "gudi", "buku", "desiki". Maneno yetu yanaishia na irabu, mdomo unataka kumalizia hivyohivyo hata kwa ya wengine. Jirekodi ukisema maneno kumi ya aina hiyo na ufunge mdomo mara tu baada ya herufi ya mwisho.

Na hii ya "zis" badala ya "this", "sinki" badala ya "think". Wengi wanadhani ni sauti ngeni za Kizungu, wakati zote mbili ziko ndani ya Kiswahili chetu, ile ya "think" ndo ya thamani na thelathini, ile ya "this" ndo ya dhahabu na dhambi. Kama unasema "samani" ukimaanisha thamani na "zambi" ukimaanisha dhambi, basi rekebisha Kiswahili kwanza na Kiingereza kitafuata bure.

Hatua ya 4: Beba sentensi za kukuokoa, na ucheze mlenda

Hapa naomba utulie kidogo, kwa maoni yangu hii ndo hatua inayoondoa woga mwingi kwa muda mfupi kuliko zote. Kinachomtisha mtu ni lile shimo, katikati ya sentensi neno limepotea, kimya, macho yote kwako. Ukiwa na daraja la kuvukia hilo shimo, hofu yenyewe inashuka kwa sababu unajua hata neno likipotea hufi.

Kariri hizi mpaka uweze kuzisema ukiwa umeamshwa usingizini: "Let me put it another way." "Give me a moment, please." "Sorry, could you repeat the question?" "I don't remember the exact word, but it is something we use for..." "If I understand you well, you are asking about..." Tano tu. Hiyo ya mwisho ni dhahabu wakati wa maswali, kwa sababu unaporudia swali kwa maneno yako kichwa kinapata sekunde kumi za kutafuta jibu na hakuna anayejua.

Alafu mchezo. Kaeni wawili au watatu, kila mmoja anaandika kwenye vikaratasi vitu vya kwetu ambavyo Kiingereza chake hamkijui, mlenda, ungo, kinu, kibuyu, ubuyu, mbege, kigoda. Unaokota kimoja unaelezea bila kutaja, wenzako wanabahatisha. Yule dada wa karatasi nne aliokota mlenda. Akakaa kimya kama sekunde tano, nikaona ameanza kukunja kile kikaratasi, nikamwambia anza na kitu unachokijua. Akasema, "It is a vegetable." Kimya. "It is green." Kimya tena. "It is... when you eat it, it does not want to leave the hand." Tulicheka wote na yeye akacheka, kile kicheko cha furaha, na mwenzake akapiga kelele "Mlenda!" Hakulijua neno la Kiingereza la kitu kinachovutika vile na hakulihitaji, aliyekuwa anamsikiliza alielewa papo hapo. Ukiweza kuelezea mlenda kwa Kiingereza unaweza kuelezea chochote kwenye kozi yako, kwa sababu kozi yako ina notsi na mlenda hauna.

Chezeni mara tatu kwa wiki. Hakuna gharama.

Hatua ya 5: Panda ngazi moja moja

Rudi kwenye ile orodha yenye alama. Chagua kitu chenye alama 3 au 4, ukifanye mara nyingi mpaka alama ishuke ifike nusu, ndo upande kinachofuata. Watu wanafanya kinyume, wanakwepa kila kitu mwaka mzima alafu wanatupwa kwenye alama 10, wanaumia, wanasema si mnaona, mi siwezi. Kila unapokwepa unapata nafuu ya dakika chache na woga unapata chakula cha mwezi mzima.

Ngazi za chini ni zile za peke yako na simu, tumeshazisema. Inayofuata ni mtu mmoja. Mchague vizuri, asiwe anayejua sana, awe asiyecheka. Wekeaneni sharti kabisa kwa mdomo: hakuna kucheka makosa, hakuna kukatiza, mtu akimaliza ndo unamwambia kosa moja, moja tu, na kitu kimoja alichofanya vizuri. Tembeeni, kutoka hosteli mpaka darasani mnaongea Kiingereza, mkifika mnarudi Kiswahili. Ukitembea woga unapungua, hamtazamani usoni na miguu ina kazi.

Kama mwenzako hayuko karibu, tumieni voisi noti. Mnatumiana ya dakika moja moja kila jioni, unaweza kufuta na kurekodi tena mpaka uridhike, hilo kwa mwoga ni faraja kubwa. Ila baada ya wiki mbili wekeni sheria ya kutofuta.

Kisha kundi la wanne kwenye vimbweta. Kila mmoja anaelezea sehemu moja ya mada ya darasani kwa dakika mbili, amesimama. Ukiwa umekaa hujizoezi kitu unachokiogopa, unachokiogopa ni kusimama, kwa hiyo simama.

Alafu darasani. Jiwekee swali moja kwa wiki, uliandike kabla hujaingia, ulisome kama ilivyo kwenye daftari, hakuna dhambi kusoma swali. Jitahidi liwe ndani ya dakika kumi za mwanzo, kwa sababu kadiri unavyosubiri ndo moyo unavyozidi kudunda na mwisho kipindi kinaisha. Na kaa mistari ya mbele. Ukikaa nyuma, ukiongea darasa zima linageuka kukuangalia, ukikaa mbele wanaona kisogo tu na we unamwona mwalimu peke yake. Ni kitu kidogo lakini nimeona kimewasaidia wengi.

Kuna siku utashuka. Umepanda vizuri wiki tatu, siku moja mtu anakucheka na unarudi chini kabisa. Rudi ngazi mbili chini, sio mwanzo, fanya siku kadhaa, panda tena.

Hatua ya 6: Prezentesheni yenyewe

Usiandike kila neno. Najua unajisikia salama ukiwa na karatasi nne zimejaa, ila karatasi ikijaa macho hayatoki, na ukipoteza mstari huupati tena na mikono inayotetemeka inaonekana zaidi kwa sababu karatasi inatetemeka nayo. Tumia kadi ngumu, hata boksi la biskuti ulikate, andika maneno matano au sita makubwa ya kukuongoza. Kadi haipigi kelele.

Vitu viwili tu uvikariri neno kwa neno, sentensi mbili za kwanza na sentensi ya mwisho. Za kwanza kwa sababu woga unakuwa juu kabisa pale mwanzoni na baada ya hapo unaanza kushuka wenyewe, kwa hiyo hapo mdomo uende bila kumsubiri kichwa. Ya mwisho ili ujue pa kutokea, kuna watu wanaprezenti vizuri alafu wanamalizia "so... that's it..." wanakimbilia kiti.

Usianze kwa kuomba msamaha wa Kiingereza chako. "Sorry for my English" inawaambia watu wote waanze kutafuta makosa ambayo pengine wasingeyasikia.

Pima muda wako mwenyewe. Jirekodi dakika moja ukielezea mada, hesabu maneno, zidisha kwa dakika ulizopewa, hapo unajua ubebe kiasi gani. Wengi wanabeba mzigo wa dakika 15 kwenye nafasi ya dakika 5, wanaanza kukimbia, na ukikimbia pumzi inakata na ulimi unajikwaa.

Fanya mazoezi mara tano, kwa sauti, umesimama, na angalau mara moja ndani ya chumba chenyewe. Nenda jioni kikiwa kitupu, simama pale mbele, tazama viti, sikia sauti yako inavyorudi. Kumbi nyingine za vyuo vyetu hapa ni kubwa kweli na mtu wa kwanza kukutisha ni sauti yako mwenyewe. Kama kuna maiki uliza nani anaiwasha.

Waombe wenzako wakuulize maswali matano mabaya kuliko yote. Majibu yake yafanyie mazoezi kuliko hata mada, kwa sababu hapo ndo watu wanapovunjika.

Siku yenyewe kula kitu, hata chai na chapati moja. Kahawa na zile energy za kopo achana nazo, zinaongeza mapigo ya moyo na we tayari unayo ya kutosha. Hewa ya Dodoma ni kavu, mdomo unakauka hata bila woga, kwa hiyo beba chupa ya maji, na kunywa maji kidogo katikati pia ni njia ya heshima ya kupata sekunde tano za kufikiri. Fika mapema. Pumua zile pumzi tano ukiwa bado umekaa. Ukisimama shika pembeni ya meza kwa mkono mmoja, tafuta nyuso tatu za watu wema, mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja kulia, uongee nao hao.

Ukikosea, rudia sentensi kwa usahihi na uendelee, usiseme sorry kila mara. Wakicheka, nyamaza, wahesabu moja mpaka tatu ukiwaangalia, alafu endelea na neno linalofuata. Kichwa kikikata kabisa tazama kadi, sema "Let me put it another way", soma neno linalofuata pale. Huo ukimya kwako ni kama dakika, kwa wanaosikiliza ni sekunde mbili tatu.

Jioni ya siku hiyohiyo andika mistari mitatu kwenye lile daftari: wapi palienda, wapi palikwama, kabla ya nyingine nifanyie nini mazoezi. Na alama ya woga upya. Yule dada alikuwa na 10 kwa prezentesheni, baada ya ile ya kwanza kwa kadi akaandika 8. Mbili tu zilishuka, lakini aliongea sehemu yake yote mpaka mwisho bila kukaa. Mwisho wa semista alikuwa kwenye 5 na hajawahi kufika sifuri, hata mimi sijafika na nafundisha kila siku.

Kwa walimu wenzangu, kwa upendo

Kicheko cha darasani tunakimiliki sisi. Siku ya kwanza ya muhula waambie wazi hapa hatumcheki mtu anayejaribu, na anayecheka anasimama yeye kujibu swali linalofuata. Alafu sisi wenyewe tusicheke.

Tusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 aliwapima walimu akakuta wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumhamia mwingine au kujibu wenyewe, na walipofika sekunde tatu majibu ya wanafunzi yakawa marefu na wasioongea wakaanza kuongea. Hiyo ni kwa watu waliokuwa wanatumia lugha yao. Kwa mtoto wa Kongwa anayetafsiri kichwani kutoka Kigogo kuja Kiswahili kwenda Kiingereza, sekunde moja ni uonevu.

Na ile tabia ya kumvalisha mtoto kibao shingoni kwa sababu ameongea Kiswahili, naomba tuiache. Inazalisha watoto wanaonyamaza, sijaona inazalisha wanaoongea. Waacheni wajadiliane kwa Kiswahili wawili wawili dakika mbili, wakielewa, ndo waseme kwa Kiingereza. Makosa yaandike, uyarekebishe mwishoni kwa darasa zima bila kutaja jina.

Woga ukizidi kipimo

Kuna woga wa kawaida na kuna unaokula maisha. Kama hulali siku kadhaa kabla, unatapika, unakosa vipindi au unafikiria kuacha chuo ili tu usiprezenti, na umejaribu haya kwa miezi miwili mitatu hakuna kinachoshuka, huo sio wa kupambana nao peke yako. Kama una kigugumizi hilo nalo ni jambo lingine, mwambie lekchara mapema akupe muda zaidi au uprezenti mbele ya wachache, ni haki yako kuomba.

Anza na ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni au mwalimu wa ushauri nasaha shuleni. Pia hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, najua jina hilo watu wanalifanyia utani mitaani na ndo maana wengi hawaendi, lakini wasiwasi uliopitiliza ni ugonjwa unaotibika kama mwingine na waliosomea kazi hiyo wapo pale. Nenda na mtu unayemwamini kama unaona aibu, beba lile daftari lako lenye alama, litamsaidia anayekuhudumia kuelewa haraka. Na yote unaruhusiwa kuyasema kwa Kiswahili.